Kuunganisha leya za katuni zikawa tukio moja

Mhusika umeshamchora na anatembea vizuri. Msitu umeshaupaka rangi, nao unapendeza. Unaviweka pamoja kwenye skrini, na mhusika anaonekana kama stika iliyobandikwa ukutani. Hapo ndipo wengi hukimbilia efekti: mng'ao kidogo, ukungu kidogo, miale ya mwezi juu ya yote. Stika inabaki kuwa stika, ila sasa inang'aa.

Kompoziti ni kazi ya kukusanya leya, yaani matabaka ya picha yaliyotengenezwa kila moja kivyake, na kuzifanya picha moja inayotembea. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujibu maswali matatu. Mhusika amekanyaga wapi? Weusi wake uko sawa na weusi wa vitu vilivyo jirani naye? Kingo zake zinakutanaje na kilicho nyuma yake? Ukishayajibu hayo, efekti utakazohitaji ni chache kuliko ulivyodhani.

Tutafuata shoti moja, yaani kipande kimoja cha video kisichokatwa, tangu mwanzo. Ni usiku, mtoto anatembea kwenye njia ya msituni, taa mkononi, na kamera inakwenda naye sambamba. Shoti ina sekunde 4 kwa fremu (picha) 24 kila sekunde, yaani fremu 96, na ukubwa wake ni pikseli 1920 kwa 1080. Programu yoyote yenye leya au nodi (visanduku vya hatua za kazi vinavyounganishwa kwa mistari) inafaa. Blender, OpenToonz na Natron ni za bure. After Effects, Nuke na Fusion zinafanya mambo yaleyale kwa vitufe tofauti.

Hatua ya 1: Amua nini kiwe leya

Kosa la kwanza hutokea kabla hata programu haijafunguliwa, nalo ni kutenganisha kila kitu. Leya arobaini hazimfanyi mtu kuwa fundi, zinamfanya atafute faili siku nzima. Kwa kila kitu kilichomo kwenye shoti jiulize: kinasogea peke yake? Kuna kitu kitakachopita nyuma yake? Mwanga wake utabadilika tofauti na wa majirani zake? Jibu likiwa hapana mara zote tatu, kiache ndani ya mandhari.

Kwa shoti yetu, kutoka nyuma kuja mbele, tunapata hizi:

– anga na mwezi
– miti ya mbali
– miti ya kati
– ardhi na njia
– mtoto
– taa
– shina moja la mbele ambalo mtoto atapita nyuma yake
– matawi ya mbele kabisa, karibu na kamera

Ukungu na mwanga wa taa vitaingia baadaye katikati ya hizo.

Sasa mwangalie mtoto kwa karibu. Ameshika mpini wa taa, kwa hiyo vidole viko mbele ya mpini na kiganja kiko nyuma yake. Ukimchora mtoto kama leya moja na taa kama leya nyingine, taa itakuwa ama mbele ya mkono wote ama nyuma ya mkono wote, na vyote viwili vinaonekana vibaya. Gawa mkono: mwili na kiganja chini, taa katikati, vidole vinne juu. Ndivyo ilivyo popote kitu kinaposhikwa, kinapokumbatiwa au kinapovaliwa. Mtu aliyeketi mezani anahitaji meza ipite kati ya kiwiliwili chake na mikono yake. Yajue haya mapema, maana mchoraji akishamaliza fremu 96 hutaweza kumwomba akate vidole.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwendo kabla ya kuchora mandhari

Kamera ikisogea upande, vitu vya karibu hupita kwa kasi na vya mbali hupita polepole. Studio ya Walt Disney ilijenga mtambo mzima kwa ajili ya jambo hili ukaanza kazi mwaka 1937: vioo vilivyopakwa rangi vikiwa vimepangwa kwa ngazi chini ya kamera, kila kioo kikisogezwa kwa kipimo chake. Sisi tunaifanya kazi hiyo kwa kugawanya tu. Mwendo wa leya ni kinyume cha umbali wake: kitu kilicho mbali mara mbili husogea nusu.

Anza na miguu ya mtoto, kwa sababu hapo ndipo mtazamaji atagundua uongo. Mtoto wetu ana urefu wa pikseli 400 hivi, na hatua yake moja ni pikseli 160. Anapiga hatua moja kila fremu 12. Kwa fremu 96 atapiga hatua 8, kwa hiyo ardhi lazima irudi nyuma pikseli 1280. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Miti ya kati iko mbali mara mbili: pikseli 640. Miti ya mbali, tuseme mara nane: pikseli 160. Mwezi hausogei kabisa. Shina la mbele liko nusu ya umbali wa mtoto, kwa hiyo litakatiza pikseli 2560 katika muda huohuo.

Hesabu hizo ndizo zinazokuambia upana wa kila mchoro. Ardhi inahitaji angalau 1920 jumlisha 1280, yaani 3200. Miti ya kati 2560, miti ya mbali 2080. Ongeza akiba ya pikseli mia moja hivi kila upande, kwa sababu mwongozaji atasema tu: "Kamera iende kidogo zaidi." Ikiwa kamera itasogelea pia hadi asilimia 120, mchoro wote uchorwe mkubwa kwa kiasi hicho, kwa sababu picha iliyovutwa kupita ukubwa wake hulainika, na karibu na leya zenye ncha kali inajionyesha mara moja.

Ardhi ina tatizo lake. Si ukuta uliosimama mbali kwa kipimo kimoja; ncha yake ya chini iko karibu na kamera na ncha ya juu iko kule mitini. Ukiisogeza kama karatasi moja bapa, ni ule mstari anaoukanyaga mtoto tu utakaokuwa na kasi sahihi. Njia ya mkato ni kuikata vipande vitatu kwa mlalo, kila kimoja na kasi yake, na kuficha viungo kwa nyasi. Njia nzuri zaidi, kama programu yako ina kamera ya pande tatu, ni kuilaza ardhi kabisa na kuiacha kamera ifanye hesabu.

Hatua ya 3: Safisha alfa

Chaneli ya alfa ndiyo inayoiambia programu ni sehemu gani ya picha ionekane na ni ipi iwe wazi. JPEG haina alfa, kwa hiyo usiitumie kwa leya yoyote isipokuwa ile ya nyuma kabisa. PNG inayo, na EXR, aina ya faili ya picha inayotumika sana kwenye kompoziti, inayo pia.

Utepe mweupe au mweusi unaozunguka mhusika karibu kila mara unatokana na hapa. Rangi za kingo zinaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: zikiwa zimeshazidishwa na alfa, au zikiwa bado. PNG huhifadhi ambazo hazijazidishwa. EXR kwa kawaida huhifadhi zilizozidishwa. Programu ikikosea kukisia, hesabu inaharibika. Thomas Porter na Tom Duff waliiandika hesabu hiyo mwaka 1984 na bado ndiyo inayotumika: chukua rangi ya mbele iliyozidishwa, ongeza rangi ya nyuma iliyozidishwa kwa (1 kutoa alfa).

Chukua pikseli moja kwenye ukingo wa koti jekundu la mtoto. Nyekundu yake ni 200 na alfa yake ni nusu. Nyuma yake kuna mti wenye nyekundu 60. Jibu sahihi ni 100 jumlisha 30, yaani 130. Programu ikidhani rangi haijazidishwa wakati ilishazidishwa, itazidisha tena: 50 jumlisha 30, unapata 80. Hapo kuna utepe mweusi. Ikidhani imezidishwa wakati bado, unapata 200 jumlisha 30, yaani 230, na utepe unang'aa. Kwa hiyo ukiona utepe, usikimbilie kuufuta kwa brashi. Fungua kwanza sifa za faili na ubadilishe kati ya Straight (haijazidishwa) na Premultiplied (imezidishwa). Mara nyingi tatizo linaisha papo hapo.

Kama halikuisha, huenda mchoro ulikatwa kutoka kwenye karatasi nyeupe na weupe wa karatasi umebaki kwenye kingo. Hapo punguza maski, yaani umbo linaloamua nini kionekane, kwa pikseli moja, au paka rangi ya koti ipite nje ya ukingo huku alfa ikibaki ilivyo.

Na jambo moja linalosahaulika: ukitaka kurekebisha rangi ya leya iliyozidishwa, iondolee kwanza uzidishaji, rekebisha, kisha uzidishe tena. Natron na Nuke zina nodi za Unpremult na Premult kwa kazi hiyo. Ukiruka hatua hiyo, kila unapopandisha mwangaza kingo nazo zinaumuka, na sehemu iliyopaswa kuwa wazi inageuka kijivu.

Majina ya faili yawe na namba nne za fremu, kama s010_mtoto_0001.png.

Hatua ya 4: Weka mwendo peke yake

Leta leya zote mahali pake, zipe mwendo uliouhesabu, na usiguse kitu kingine. Hakuna mng'ao wala kivuli. Tazama shoti ikijirudia.

Utaona jambo la kuudhi miguuni. Katuni nyingi huchorwa kwa mbilimbili, yaani mchoro mmoja unakaa fremu mbili, michoro 12 kwa sekunde. Lakini kamera na ardhi vinasogea kwa mojamoja. Ardhi yetu inarudi pikseli 13 na kitu kila fremu. Kwenye fremu ya pili ya kila mchoro ardhi imesogea ila mguu haujasogea. Fremu inayofuata mguu unaruka pikseli 26 kujaribu kuifikia. Macho hayawezi kutaja kilichoharibika, lakini yanaona mtoto anateleza na kutetemeka.

Unaweza kuifanya ardhi nayo isogee kwa mbilimbili. Mguu utatulia, lakini msitu wote utagugumiza, na shina la mbele litaruka pikseli 53 kila mara. Ni vibaya kuliko mwanzo. Unaweza kumsogeza mtoto pamoja na ardhi kwenye ile fremu ya pili, kisha umrudishe. Mguu utatulia tena, ila kichwa sasa ndicho kinachotetemeka. Suluhisho la kweli ni kuchora mwendo wa miguu kwa mojamoja katika shoti ambazo kamera inamfuata mtu. Ni michoro 24 kwa hatua mbili badala ya 12, na ukishakuwa na mzunguko mmoja unaurudia. Muda ukikosekana, pitisha nyasi au ukungu wa chini mbele ya nyayo. Wachoraji wa zamani hawakupenda nyasi kiasi kile bure.

Mwendo wa kamera wenyewe uwe na kuanza taratibu na kuishia taratibu kama mwendo unaanza au kusimama ndani ya shoti. Kama imekatwa katikati ya mwendo, kasi iwe moja tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Hakikisha tu mtoto amefungwa kwenye ardhi, asiwe amefungwa kwenye kamera. La sivyo kamera ikipunguza kasi, yeye ataanza kuteleza.

Hatua ya 5: Mkanyagishe chini

Kama una dakika kumi tu za kuokoa shoti, zitumie hapa.

Kila unyayo unaogusa ardhi unahitaji vivuli viwili. Cha kwanza ni cha mguso: kidogo, cheusi, chenye ukingo mkali, kimejificha pale soli inapokutana na udongo. Ni pikseli chache tu, lakini ndicho kinachosema "amekanyaga". Mguu ukiinuka, kinapanuka kidogo, kinafifia na kutoweka ndani ya fremu mbili au tatu, ukishuka, kinarudi. Kihuishe kwa mkono, hatua moja hadi nyingine. Usikifunge tu kwenye mwili kikamfuata mtoto kama zulia.

Cha pili ni kivuli kinachoanguka. Kwa ujumla ni nakala ya umbo la mtoto mwenyewe: rudufu leya yake, ijaze rangi moja, ilaze chini upande usio na mwanga, uiweke chini yake kwa modi ya Multiply, ile inayotia giza kilicho chini. Karibu na miguu ukingo wake uwe mkali, na kadiri kinavyokwenda mbali ulainike. Rangi yake usiifanye nyeusi. Chukua kidonyeshi (kifaa cha kuchukua rangi kutoka kwenye picha), gusa kivuli ambacho mchoraji wa mandhari ameshakichora chini ya mti, na utumie rangi hiyohiyo. Hapo vivuli vyote viwili vitaonekana vimetoka usiku mmoja.

Mwanga wetu mkubwa wa karibu ni taa, na taa iko mkononi, inapepea. Kwa hiyo kivuli nacho kinapepea, kwa upande wa pili wa taa. Taa ikienda mbele, kivuli kinakwenda nyuma. Watu husahau jambo hili kisha wanashangaa kwa nini taa inaonekana kama pambo.

Hatua ya 6: Linganisha weusi, kisha weupe, kisha rangi

Fuata mpangilio huo. Zima rangi zote, tazama picha kwa kijivu.

Hewa iliyopo kati ya kamera na kitu huinua weusi wake. Kwa hiyo weusi mzito kabisa uwe wa vitu vya karibu, na kila ngazi ya nyuma ipauke kidogo. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, mpango wa usiku wetu unaweza kuwa hivi: matawi ya mbele yasishuke chini ya 5, mtoto 12, miti ya kati 25, miti ya mbali 40. Namba si amri, bali mpangilio wake uheshimiwe. Pima kwa kidonyeshi: gusa nywele za mtoto, kisha gusa sehemu nyeusi kabisa ya mti ulio umbali sawa naye. Zikipishana sana, tumia kirekebishi cha ngazi (Levels) na upandishe weusi wa yule aliyezidi.

Kisha weupe. Shati la mtoto lilichorwa jeupe, 255, kwa sababu mchoraji alikuwa anachora mchana kwenye skrini nyeupe. Usiku halina haki ya kuwa na weupe huo. Kitu cheupe kuliko vyote hapa ni moto wa taa. Weka juu ya mtoto leya ya rangi ya usiku, bluu iliyochanganyika na kijivu, kwa modi ya Multiply, ikifungwa ndani ya umbo lake. Shati likishuka hadi 100 au 110, mtoto anaingia msituni. Utamwona anaingia, na inafurahisha kila mara.

Rudisha rangi mwisho kabisa. Ukiona mtoto bado hajakaa, angalia kama rangi zake zimekolea kuliko za mandhari, uzipunguze kidogo. Kujikagua: pindua picha kioo-kioo, au ipunguze iwe na ukubwa wa kidole gumba. Jicho lililozoea picha kwa saa nne haliaminiki.

Hatua ya 7: Washa taa

Duara la manjano lililofifia juu ya taa ni mng'ao tu. Ili taa iwe mwanga, lazima vitu vingine viupokee.

Gawa kazi sehemu tatu. Kwanza ni kiini, moto wenyewe, karibu mweupe. Pili ni duara la mng'ao kulizunguka, laini, kwa modi ya Screen au Add, zile zinazoongeza mwanga, tena dogo kuliko unavyotamani. Tatu, na ndiyo inayochukua muda, ni mwanga unaoangukia vitu: kifua na kidevu cha mtoto, udongo ulio mbele yake, na shina la mbele wakati anapopita karibu nalo.

Kwa ardhi na mashina, usipake tu rangi ya chungwa juu. Tengeneza mchoro wa pili wa ardhi ileile ukiwa umeangazwa, magome na mizizi vikionyesha upande unaopata mwanga, uuweke juu ya ule wa usiku, kisha uufichue kwa maski ya duara laini inayofuata taa. Hapo mtoto akitembea, mizizi inaibuka gizani na kuzama tena. Tofauti ya njia hizi mbili utaiona fremu ya kwanza tu. Mwanga hushuka haraka: umbali ukizidi mara mbili, unabaki robo. Basi maski iwe kali karibu na taa kisha ianguke ghafla, badala ya kufifia sawasawa hadi mwisho.

Kwa mtoto, fanya vivyo hivyo kwa maski iliyochorwa kwa mkono upande unaoelekea taa. Usimwangaze mgongoni. Mwanga wa moto utikisike, lakini kwa asilimia chache na bila mpigo wa kujirudia. Ukitikisika sana, watu watadhani faili imeharibika.

Jambo la kitaalamu ambalo lina faida kubwa hapa: fanya hesabu ya mwanga katika rangi za mstari (linear), yaani namba zinazolingana na kiasi halisi cha mwanga, si rangi za skrini. Kijivu cha 128 kwenye skrini si nusu ya mwanga. Ni kama asilimia 22. Ukijumlisha mianga miwili ya 128 moja kwa moja unapata 256, nyeupe iliyoungua. Ukiigeuza kwanza kuwa ya mstari, ukajumlisha, kisha ukairudisha, unapata kama 176, ambacho ndicho jicho linachotarajia. Blender hufanya hivi yenyewe kwenye kompozita yake. After Effects ina swichi ndani ya mipangilio ya mradi. Ukiiwasha katikati ya kazi, modi za Screen na Add zitabadilika mwonekano, kwa hiyo iwashe mwanzoni.

Hatua ya 8: Hewa na kingo

Sasa tia ukungu, lakini uutie kati ya leya, si juu ya zote. Leya moja kati ya miti ya mbali na ya kati, nyingine nyepesi kati ya miti ya kati na njia. Uipe kila moja mwendo wake wa polepole unaolingana na kina chake. Ukungu mmoja uliofunika kila kitu unafuta kina chote ulichokijenga kwenye hatua ya 6.

Tazama ukingo wa mtoto kwa asilimia 200. Ukiwa mkali kama wembe wakati miti iliyo umbali wake imechorwa kwa brashi laini, ulainishe kwa nusu pikseli hadi pikseli moja. Pale anapopita mbele ya mwezi au ukungu unaong'aa, acha mwanga wa nyuma umeze kidogo ukingo wake: chukua mandhari, ifishe sana makali, uionyeshe tu ndani ya ukingo wa mtoto kwa pikseli chache, kwa kiasi kidogo. Mtazamaji akiiona, umezidisha.

Matawi ya mbele yafishwe makali, maana kamera inamlenga mtoto. Shina la mbele linasogea karibu pikseli 27 kila fremu. Bila mfifio wa mwendo (motion blur) litapita kwa kurukaruka. Kamera ya sinema kwa kawaida hufungua shata (mlango wa mwanga) nusu ya muda wa fremu, kwa hiyo mfifio wa pikseli 13 hivi kwa mlalo unatosha. Mtoto aliyechorwa kwa mkono usimtie mfifio huo, kwa sababu michoro yake ilishabeba mwendo ndani yake.

Hatua ya 9: Kifungio cha juu

Marekebisho ya mwisho ya rangi yafanywe juu ya picha nzima, kwa mkono mwepesi. Kisha chembechembe: leya moja ya chembechembe hafifu juu ya yote, inayobadilika kila fremu, huzipa leya zote ngozi moja. Pia huponya anga. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga la usiku linatumia chache kati ya hizo, ndiyo maana unaona mistari ya ngazi-ngazi. Fanya kazi kwa biti 16 au zaidi, na uache chembechembe zivunje mistari utakaposhusha hadi biti 8.

Hatua ya 10: Toa faili

Renda, yaani toa matokeo ya mwisho, kwanza kama mfululizo wa picha, usirende video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 71, unaendelea kutoka 71. Ukigundua kosa kwenye fremu tano, unarudia tano hizo tu. Kisha zigeuze kuwa video. Kwa FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa amri za maandishi, amri ni hii:

ffmpeg -framerate 24 -i s010_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p s010.mp4

Namba ya crf ikipungua, ubora na ukubwa wa faili vinapanda. Upana na urefu lazima vigawanyike kwa mbili, la sivyo amri itakataa. Fremu zako zikianzia 1001, ongeza -start_number 1001 kabla ya -i. Na kama shoti itaunganishwa tena na mtu mwingine juu ya kitu kingine, usimpe MP4 ya H.264, kwa kuwa haibebi alfa. Mpe mfululizo wa PNG au EXR, au video ya ProRes 4444, ambayo inabeba alfa.

Tazama matokeo kwenye simu yenye mwangaza wa kati, si kwenye skrini yako ya kazi peke yake. Picha za usiku hufia huko: miti ya mbali uliyoiweka 40 inaweza kuwa giza tupu. Ikifa, rudi kwenye hatua ya 6 uinue weusi wa nyuma. Ukiinua mwangaza wa picha nzima, shati la mtoto litarudi kuwa stika. Mwishowe iweke shoti kati ya ile iliyotangulia na ile inayofuata, uitazame mara moja bila kusimamisha.